Namna ya kuzuia namba ndogo mno zisigeuke sifuri ndani ya kompyuta

Ukiuzidisha uwezekano wa 0.01 kwa mwingine ulio sawa nao, ukaendelea hivyo mpaka ufikishe vipengele mia mbili, jibu la kwenye karatasi ni 10⁻⁴⁰⁰, namba ndogo kupita kiasi ambayo hata hivyo si sifuri. Kompyuta haifiki huko. Kwenye kipengele cha 162 hurudisha 0.0, na kuanzia hapo kila kinachozidishwa hubaki sifuri. Programu haisimami wala haitoi onyo lolote, na sifuri hiyo huingia katika hatua zinazofuata kana kwamba ilipatikana kihalali.

Hali hii nitaiita kuzama: namba imeshuka chini ya kikomo cha udogo ambacho kompyuta inaweza kukiandika. Kuzama si kosa kila mara. Sifuri iliyotokana na kuzama ikijumlishwa na namba kubwa haiharibu kitu, lakini ikigawanya, ikizidisha, ikitafutiwa logi au ikilinganishwa na sifuri ili programu iamue jambo, inaharibu kila kitu. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si kama namba imezama, bali sifuri hiyo inakwenda kufanya kazi gani. Mifano iliyomo humu imeandikwa kwa Python kwa sababu ni rahisi kuijaribu, ila maelezo yanahusu lugha yoyote inayotumia namba za nukta elea (floating point) za kawaida, yaani namba za desimali zinazohifadhiwa kwa tarakimu chache na kipeo.

Kikomo kiko wapi

Kompyuta karibu zote za leo hufuata kiwango cha IEEE 754, yaani kanuni ya pamoja ya namna ya kuandika namba hizo, kilichopitishwa mwaka 1985 na kurekebishwa mwaka 2008 na 2019. Namba ya biti 64 imegawanywa sehemu tatu: biti 1 ya alama ya kutoa au kujumlisha, biti 11 za kipeo, na biti 52 za tarakimu. Namba ya kawaida huandikwa kama 1 ikifuatiwa na nukta na tarakimu zake katika kizio cha mbili, kisha ikazidishwa kwa 2 yenye kipeo kati ya −1022 na 1023. Hivyo namba ndogo kuliko zote za kawaida ni 2⁻¹⁰²², ambayo ni takribani 2.225 × 10⁻³⁰⁸.

Chini ya hapo kiwango hakikati njia ghafla. Kipeo hubaki −1022, lakini ile 1 ya mwanzo huruhusiwa kuwa 0, na namba huendelea kupungua kwa hatua zilizo sawa, kila hatua ikiwa 2⁻¹⁰⁷⁴, yaani takribani 4.94 × 10⁻³²⁴. Hizi ndizo namba za chini ya kawaida. Gharama yake ni usahihi: kadiri namba inavyosogea karibu na sifuri, ndivyo tarakimu zake zenye maana zinavyopungua. Namba ya kawaida ina usahihi wa tarakimu kumi na tano au zaidi, ilhali namba iliyo karibu na 10⁻³²⁰ imebakiwa na tatu hivi, na ile ya mwisho kabisa, ambayo Python huionyesha kama 5e-324 (e-324 humaanisha × 10⁻³²⁴), haina hata moja ya kutegemewa.

Mfano wa mwanzo unaonyesha safari nzima ukiuendesha hivi:

p = 1.0
for i in range(1, 201):
    p = p * 0.01
    print(i, p)

Mpaka kipengele cha 153, ambapo p ni takribani 10⁻³⁰⁶, namba bado ni za kawaida. Kuanzia cha 154 tuko chini ya kawaida. Kwenye cha 161 jibu ni 1e-322, ambalo kwa kweli ni hatua ishirini tu juu ya sifuri. Kinachofuata kingekuwa 10⁻³²⁴, na kwa kuwa hicho ni chini ya nusu ya hatua moja, kompyuta hukikadiria kuwa sifuri.

Kwa namba za biti 32 nafasi ni finyu zaidi: namba ya kawaida iliyo ndogo kuliko zote ni takribani 1.18 × 10⁻³⁸, na ya chini ya kawaida ni 1.4 × 10⁻⁴⁵. Kwa zile za biti 16 zinazotumika sana kufundishia mitandao ya neva (programu zinazojifunza kutokana na mifano), namba za kawaida huishia 6.1 × 10⁻⁵ na zile za chini yake huishia 5.96 × 10⁻⁸. Mtu aliyezoea biti 64 anaweza kuandika programu miaka mingi bila kukutana na kikomo, kisha akakigonga siku ya kwanza anapohamia biti 16.

Kwa nini namba za chini ya kawaida zipo

Inafaa kulijua hili kabla ya kugusa mpangilio wowote wa prosesa, kwa sababu wengi huzizima bila kujua wanachokitupa. Kabla ya kiwango cha 1985, mashine nyingi ziliruka moja kwa moja kutoka namba ndogo ya kawaida hadi sifuri. William Kahan, mwanahisabati aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1989 kwa mchango wake katika hesabu za aina hii, na wenzake walisisitiza kwamba kushuka kuwe kwa hatua. Digital Equipment Corporation, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta za VAX, ilipinga kwa hoja ya ugumu na kasi, ingawa Intel ilikwisha kuonyesha kwa chipu ya 8087 ya mwaka 1980 kwamba jambo hilo linawezekana. Digital ilimwomba mtaalamu wa hesabu za kompyuta, G. W. Stewart, alitathmini suala hilo, naye akaona kwamba kushuka kwa hatua ndiyo njia sahihi.

Faida yake kubwa inaelezeka kwa sentensi moja: namba za chini ya kawaida zikiwepo, x − y huwa sifuri pale tu x na y zinapokuwa sawa kabisa. Chukua x = 3 × 10⁻³⁰⁸ na y = 2.5 × 10⁻³⁰⁸, zote mbili namba za kawaida, kisha utafute (x + y) / (x − y). Jibu ni 11. Tofauti ya hizo mbili, 5 × 10⁻³⁰⁹, iko chini ya kawaida. Kwenye mashine inayoruka hadi sifuri, mwandishi makini anayehakikisha kwanza kwamba x si sawa na y ataambiwa hazilingani, ataendelea kwa amani, na bado atagawanya kwa sifuri. Mashine ya namna hiyo inamsaliti mtu aliyechukua tahadhari, na hilo naliona ni baya kuliko kukosea waziwazi.

Usichanganye kuzama na kumezwa

Ukijumlisha 1 na 10⁻¹⁷ utapata 1 kamili, na wengi hudhani namba ndogo imezama. Haijazama. Namba 10⁻¹⁷ inaandikika vizuri kabisa peke yake. Imemezwa tu kwa sababu 1 haina tarakimu za kutosha kuionyesha. Mpaka wa kumezwa ni epsiloni ya mashine, yaani umbali kati ya 1 na namba inayoifuata, takribani 2.2 × 10⁻¹⁶, nao hauna uhusiano na 10⁻³⁰⁸. Tiba zake pia ni tofauti: kwa kumezwa tumia fanksheni kama math.log1p na math.expm1, ambazo hushughulikia namba iliyo karibu mno na 1 au na 0 bila kupoteza sehemu ndogo. Yaliyobaki katika mwongozo huu yanahusu kuzama peke yake.

Namna ya kutambua kwamba namba imezama

Anza kwa kujua majina ya mipaka katika lugha unayotumia, kwa kuwa majina hayo yanapotosha. Katika Python, sys.float_info.min ni namba ndogo ya kawaida, yaani 2.2250738585072014e-308, na ile ya mwisho ya chini ya kawaida hupatikana kwa math.ulp(0.0) kuanzia toleo la 3.9. Katika C, DBL_MIN nayo ni namba ndogo ya kawaida. Lakini katika Java, Double.MIN_VALUE ni ile ya chini ya kawaida kabisa, na ya kawaida huitwa Double.MIN_NORMAL; katika JavaScript vilevile, Number.MIN_VALUE ni 5e-324. Anayehamisha programu kutoka C kwenda Java na kuacha neno MIN likimaanisha kile kilekile amebadilisha kikomo chake kwa zaidi ya mara bilioni milioni moja.

Kisha iruhusu mashine ikuambie. Kiwango cha IEEE 754 kinaitaka prosesa iinue bendera, yaani alama ya ndani ambayo programu inaweza kuisoma, kila matokeo yanapokuwa madogo mno na pia yasiyo kamili. Python tupu haiitazami bendera hiyo: math.exp(-745) hutoa 5e-324 na math.exp(-746) hutoa 0.0, bila neno. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, nayo huipuuza kwa kawaida, ila unaweza kuiamuru ipige kelele:

import numpy as np
with np.errstate(under='raise'):
    a = np.array([1e-200]) * np.array([1e-200])

Msimbo huu utasimama kwa FloatingPointError mahali hasa pa tatizo. Katika C, unaifuta bendera kwa feclearexcept(FE_UNDERFLOW) kabla ya hesabu na kuisoma kwa fetestexcept(FE_UNDERFLOW) baadaye. Nashauri uiwashe tahadhari hii wakati wa majaribio na uizime kwenye matumizi halisi, kwa sababu kuzama kusiko na madhara hutokea mara nyingi na programu ingesimama bila sababu.

Dalili nyingine ni sifuri yenye alama ya kutoa. Zao la −10⁻²⁰⁰ na 10⁻²⁰⁰ huonekana kama -0.0. Ukiikuta mahali ambapo sifuri halisi haikutarajiwa, fuatilia nyuma, kwa kuwa mara nyingi huko kuna namba hasi iliyozama.

Kubadilisha mpangilio wa hesabu

Tiba rahisi kuliko zote haihitaji maarifa mapya bali kusoma fomula upya. Hebu tutafute kigezo cha Stefan na Boltzmann katika fizikia, ambacho ni 2π⁵k⁴ / (15h³c²), kwa namba za biti 32. Hapo k ni 1.380649 × 10⁻²³, h ni 6.62607015 × 10⁻³⁴ na c ni 299,792,458, zote kwa vipimo vya kimataifa. Kila moja inaandikika bila shida. Lakini k⁴ iko karibu na 10⁻⁹² na h³ iko karibu na 10⁻¹⁰⁰, hivyo juu kunazama, chini kunazama, na sifuri kwa sifuri hutoa nan, yaani “si namba”.

Sasa igawanye kwanza k kwa h, upate 2.08 × 10¹⁰. Kipeo cha tatu cha namba hiyo ni takribani 9.05 × 10³⁰, ambacho bado kinaingia. Kizidishe kwa k iliyobaki, gawanya kwa c mara mbili, kisha malizia kwa 2π⁵/15. Jibu ni 5.67 × 10⁻⁸, nalo ndilo jibu sahihi. Hakuna biti hata moja iliyoongezwa. Kilichobadilika ni kwamba ndogo mbili zimegawanywa zenyewe kwa zenyewe kabla hazijapewa nafasi ya kuzidishana. Kuchagua vipimo vinavyofanya namba zako ziwe karibu na 1 hufanya kazi hiyohiyo mapema zaidi.

Kupandisha kipimo na kukishusha baadaye

Pale ambapo mpangilio hausaidii, zidisha kila kitu kwa namba kubwa, fanya hesabu, kisha urudishe. Urefu wa vekta yenye sehemu 3 × 10⁻²⁰⁰ na 4 × 10⁻²⁰⁰ ni 5 × 10⁻²⁰⁰, lakini anayepiga vipeo vya pili kwanza atapata sifuri mbili na kipeuo cha sifuri. Gawanya sehemu zote kwa iliyo kubwa zaidi: utapata 0.75 na 1, jumla ya vipeo vya pili ni 1.5625, kipeuo chake ni 1.25, na ukizidisha tena kwa 4 × 10⁻²⁰⁰ jibu linakamilika. Fanksheni ya math.hypot imeandikwa kukulinda dhidi ya hatari hii, kwa hiyo itumie badala ya kuandika kipeuo mwenyewe.

Njia hiihii ndiyo inayowezesha mitandao ya neva kufundishwa kwa biti 16. Mteremko (gradient), yaani namba inayoonyesha uzito wa mtandao urekebishwe kiasi gani, ukiwa na thamani ya 10⁻⁸ ni chini ya nusu ya hatua ndogo kabisa ya namba hizo, hivyo huwa sifuri na sehemu hiyo ya mtandao haijifunzi kitu. Ukizidisha kipimo cha kosa kwa 65,536 kabla ya kurudi nyuma kupitia tabaka, mteremko huo unakuwa takribani 6.6 × 10⁻⁴ na unapona. Baadaye unagawanywa kwa 65,536 ndani ya namba za biti 32, kabla ya kurekebisha uzito. Chagua kizidishio ambacho ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara kadhaa, kama 65,536 ambayo ni 2¹⁶, kwa kuwa hicho hubadilisha kipeo pekee na kuziacha tarakimu bila kuguswa.

Kuhamia kwenye logi

Kwa mazao marefu ya uwezekano, kupandisha kipimo hakutoshi, kwa sababu hujui mapema utashuka kiasi gani. Hapo hamia kwenye logi. Logi asilia ya 0.01 ni −4.605, na zao la vipengele mia mbili linakuwa jumla ya logi mia mbili, yaani −921.03, namba ya kawaida isiyo na wasiwasi wowote. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha, kugawanya kumegeuka kutoa, na ulinganisho wa kipi kikubwa kuliko kingine umebaki vilevile kwa kuwa logi hupanda pamoja na namba yake. Uwezekano ambao ni sifuri kweli uandike kama float('-inf'), kwa sababu math.log(0) husimamisha programu.

Ugumu huja unapotakiwa kujumlisha namba zenyewe ilhali unazo logi tu. Tuseme dhana mbili zina logi za −1000 na −1001, na unataka kujua kila moja ina uzito gani ukilinganisha na nyingine. Ukizirudisha zote mbili kwa math.exp, zinazama na unagawanya sifuri kwa sifuri. Tafuta kwanza iliyo kubwa zaidi, uiondoe kwa zote, kisha uirudishe mwishoni:

import math
def jumla_ya_logi(orodha):
    m = max(orodha)
    if m == float('-inf'):
        return m
    return m + math.log(sum(math.exp(a - m) for a in orodha))

Kwa logi hizo mbili jibu ni −999.687. Ukilitoa katika kila logi na kurudisha kwa math.exp, unapata uzito wa 0.731 na 0.269. Zingatia kinachotokea ndani: kipengele kikubwa kinakuwa math.exp(0), yaani 1, hivyo jumla haiwezi kushuka chini ya 1 na logi haikutani na sifuri kamwe. Vipengele vingine vinaweza kuzama, lakini kinachozama hapo kilikuwa kidogo kuliko e⁻⁷⁴⁵ ya kile kikubwa na kisingebadilisha tarakimu yoyote ya jibu. Hiyo ndiyo sifuri isiyo na madhara niliyoitaja mwanzoni, na uzuri wa mbinu hii ni kwamba inazielekeza sifuri zote mahali pa kujumlishwa.

Logi ina gharama yake. Ikifika −1,000,000, hatua kati ya namba moja na inayofuata ni takribani 10⁻¹⁰, na kosa la kiasi hicho katika logi ni kosa la uwiano uleule katika namba ya asili. Kwa kazi nyingi hilo linatosha kabisa, ila usitarajie tarakimu kumi na tano.

Kuhusu kuongeza kijinamba kidogo

Wapo wanaojumlisha 1e-300 chini ya kila mgawanyo ili kuepuka kugawanya kwa sifuri. Sikubaliani na desturi hiyo. Sifuri imetoweka lakini jibu limekuwa namba ya kubuni, na msomaji wa msimbo hawezi tena kujua kama tatizo lilikuwepo. Tena katika biti 32 hiyo 1e-300 yenyewe inazama, kwa hiyo kinga inaondoka kimyakimya siku unapobadilisha aina ya namba. Kijinamba kina mahali pake pale kinapotokana na maana ya hesabu, kama vile kiwango cha kelele cha chombo kinachopima.

Kasi, na kishawishi cha kuzima

Katika baadhi ya prosesa, tendo moja linalogusa namba za chini ya kawaida linaweza kuchukua zaidi ya mapigo mia moja ya saa ya prosesa badala ya machache. Wanaoandika programu za sauti hulijua hili vizuri. Mwangwi unaozidishwa kwa 0.9 kila mzunguko hufifia baada ya sauti kukoma, hufika chini ya kawaida, kisha hukwama hatua chache juu ya sifuri, kwa kuwa 0.9 ya hatua nne ni 3.6, nayo hukadiriwa tena kuwa nne. Programu inakuwa nzito wakati wa ukimya, jambo ambalo humshangaza asiyejua sababu yake.

Prosesa za x86 zina biti mbili katika MXCSR, rejista (hifadhi ndogo ya ndani) inayoshika mipangilio ya hesabu, kwa ajili hiyo: moja hugeuza matokeo ya chini ya kawaida kuwa sifuri, nyingine huzihesabu namba hizo kuwa sifuri zinapoingia. Kwa sauti, kuziwasha ni uamuzi mzuri, kwani hakuna sikio litakalosikia 10⁻⁴⁰. Kwa hesabu za kisayansi, pima kasi kwanza. Jihadhari hasa na chaguo la -ffast-math la GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, ambalo likitumiwa wakati wa kuunganisha programu huziwasha biti hizo programu inapoanza. Katika matoleo ya GCC yaliyotangulia la 13, hata maktaba iliyoundwa kwa chaguo hilo iliweza kubadilisha hesabu za programu iliyoipakia, ingawa mwandishi wake hakuomba chochote.

Kujaribu mpakani

Ukimaliza marekebisho, ijaribu kazi yako kwa namba zilizo mpakani: 5e-324, 2.2250738585072014e-308 pamoja na jirani zake mbili zinazopatikana kwa math.nextafter, sifuri yenye alama ya kutoa, na orodha ambayo vipengele vyake vyote vinazama pamoja. Jaribu pia kuzisoma namba hizo kutoka kwenye maandishi na kuziandika tena. Mwanzoni mwa mwaka 2011 iligunduliwa kwamba PHP, lugha ya kuandikia tovuti, kwenye baadhi ya mifumo ya biti 32, iliingia katika mzunguko usiokwisha ilipopewa maandishi 2.2250738585072011e-308, na muda mfupi baadaye Java nayo ikakutwa na tatizo la aina hiyo kwa 2.2250738585072012e-308. Seva iliweza kukwamishwa na mtu yeyote aliyetuma namba hiyo katika fomu, kwa hiyo iweke miongoni mwa majaribio ya kila sehemu inayopokea namba kutoka nje.